Vitanda vya Mtumbati wa Hameni

Kiwanda cha korosho nilichokuwa nikifanyia kazi Masasi kilipofungwa, tulikaa mjini miezi kadhaa tukingoja kuitwa tena. Hatukuitwa. Mke wangu akasema twende kwao, huko juu Mkunya, Newala, ambako mama yake alikuwa na shamba la mikorosho na nyumba ya udongo ya vyumba viwili isiyokaliwa na mtu. Mimi nilizaliwa bondeni, katika familia ya Kianglikana ya walimu na wapiga kengele wa kanisa, na sikuwahi kufikiri kwamba ningehamia ukweni na watoto wangu. Lakini kwa Wamakonde mwanamume kuishi kwa watu wa mke wake ni jambo la kawaida, na mimi sikuwa na pengine pa kwenda.

Kitanda tulichokuwa tukilalia mjini kilikuwa mali ya kiwanda, tukakiacha na nyumba. Mkunya tukalala kwenye mikeka. Tulifika wakati wa kipupwe, ule wakati ambao ukungu hupanda kutoka mabondeni ukakaa juu ya vijiji mpaka jua linapokaribia utosini, na asubuhi watu hupulizia mikorosho salfa kwa mashine za mgongoni. Ungesimama mlangoni ukasikia mashine inanguruma shambani na usimwone aliyeibeba. Sakafu ya nyumba yetu ilikuwa baridi kama mtungi.

Ndio mwaka ambao wanunuzi binafsi walianza kupanda Newala na malori yao. Watu waliozoea kupeleka korosho chama cha ushirika na kungoja malipo, sasa walikuwa wanauza barazani kwao. Mnadani palijaa vitu ambavyo zamani tulikuwa tunavisikia tu: magodoro ya sponji, redio za kaseti, viti vya plastiki, mitumba ya kila namna. Mke wangu alirudi mnadani siku moja akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akavua kandambili.

"Wenzetu wanalala juu ya sponji," alisema. "Sisi tunaamka na alama za mkeka mashavuni."

"Nitatengeneza vitanda," nikamwambia.

Sikuwa fundi seremala wa kujisifu. Kiwandani nilikuwa karakana, natengeneza makasha na kurekebisha milango. Lakini nilitoka na vifaa vyangu: msumeno, randa, tezo, patasi na keke ya kutobolea. Kilichokosekana ni mti. Miti na mashamba ya pale yalikuwa chini ya kaka wa mama mkwe wangu, mzee aliyekuwa mkubwa wa ukoo wao, tukimwita mjomba. Nikaenda kwake na mke wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Karibuni."

Nikamweleza haja yangu. Alikuwa anasuka kamba ya mkonge na hakuiacha.

"Upo mtumbati," alisema mwisho. "Kule hameni, njia ya Kitangari. Umekomaa vizuri."

Mtumbati ndio mninga. Kule juu wengi wanauita hivyo. Hameni ni pale walipokuwa wakiishi zamani, kabla watu hawajakusanywa kwenye kijiji kimoja.

"Una mwenyewe?" nikauliza, maana kule miti mingi ina wenyewe hata kama wako mbali.

"Sasa hauna," alisema, akaishika kamba kwa kidole gumba cha mguu na kuivuta.

Nilimchukua jirani yetu mmoja, mpasua mbao mwenye msumeno mrefu wa kuvuta watu wawili. Tulifika hameni asubuhi, ukungu haujainuka. Majani yalikuwa yanatufika kiunoni. Ukiangalia vizuri uliona vichuguu ambavyo zamani vilikuwa kuta za nyumba, na vigae vya vyungu. Mtumbati ulikuwa peke yake upande wa juu, umepukutisha, umebaki na matunda yake yale ya duara yenye miiba katikati. Chini yake palikuwa peupe. Majani marefu yaliishia mbali na shina, kote kuzunguka, na kwenye mchanga mwekundu hapakuwa na hata jani moja lililoanguka.

"Nani anafagia huku?" jirani akauliza.

"Upepo," nikasema.

"Upepo haufagii duara."

Aligonga shina kwa kisogo cha shoka, akasimama kidogo kama mtu aliyepiga hodi anayengoja kuitikiwa. Kisha tukaanza kukata. Mtumbati ukikatwa hutoa utomvu mwekundu unaochuruzika kama damu; kila mtu anajua, na jirani yangu alikuwa ameshapasua mitumbati mingi kuliko mimi. Hata hivyo siku ile alikuwa akifuta mikono kwenye majani kila mara, mpaka nikachoka kumtazama.

Tulipasulia palepale, gogo likiwa juu ya jukwaa la miti, mmoja juu mmoja chini. Unga wa mbao ulimwagika chini kama pumba za mashine. Siku ya pili tulipofika tukaukuta umekusanywa. Ulikuwa rundo moja pembeni, dogo, limepigwapigwa likakaa vizuri, na chini ya jukwaa mchanga ulikuwa safi. Nilidhani jirani amerudi jioni kuchukua kitu akaamua kusafisha. Sikusema. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na jirani akaniambia, "Mwenzangu, hukuwa na haja ya kurudi kufagia. Ni porini hapa."

Nikamwambia sikurudi. Kazi ilikuwa imebaki kidogo, tukaimaliza kabla ya jua kushuka. Tulikuwa tumeelewana kwamba achukue sehemu ya mbao kwa jasho lake, lakini tulipozifikisha kwangu alisema hazitaki, nimpe choroko tu.

Niliziegemeza mbao ukutani chini ya upenu zikauke. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nyumba ya jirani na yetu, alipita akazigusa kwa kiganja.

"Mbao nzuri," alisema. "Umepewa na kaka?"

"Ndiyo, mama."

Hakuuliza zimetoka wapi, na mimi sikuona haja ya kueleza.

Vile vitanda nilivifurahia kuvitengeneza, sitasema uongo. Mninga ukipigwa randa hutoa harufu tamu, na rangi yake hupanda taratibu, kahawia yenye mistari. Nilichonga matendegu, yaani miguu ya kitanda, kwa tezo, nikayatoboa nafasi za kuingiza mifumbati, ile miti miwili mirefu ya ubavuni, nikakaza bila msumari hata mmoja. Nikasuka kamba za mkonge. Mke wangu akashona magodoro ya sufi. Kimoja kikawa chetu, kimoja cha watoto: binti yetu aliyekuwa darasa la tano na mdogo wake ambaye alikuwa bado hajasema sawasawa. Mbao zilizobaki nikazirudisha upenuni.

Ndoto zilianza mara tu tulipovilalia, ila kwa muda hakuna aliyemwambia mwenzake. Mimi nilidhani ni yangu. Ilikuwa ndoto ya kawaida kabisa, isiyo na tukio, na ndiyo sababu sikuisema. Kisha asubuhi moja nilikuwa uani nanoa kisu cha randa, mke wangu na binti yetu wanasugua sufuria kwa majivu, nikamsikia mtoto anasema:

"Mama, nimemwota tena yule mama."

"Mama gani?"

"Anayefagia. Uwanja mkubwa, mchanga mwekundu. Namwamkia shikamoo, haitikii."

"Umemwona uso?"

"Amenipa mgongo."

Mkono wangu ulisimama juu ya jiwe la kunolea. "Kuna kinu?" nikamuuliza.

Binti akageuka. "Kipo, baba. Kimelala karibu na mlango."

Mke wangu aliiweka sufuria chini polepole.

"Kina ufa," alisema. "Kuanzia mdomoni mpaka chini."

Tulitazamana wote watatu. Nilikiona kile kinu wazi kama ninavyouona mkono wangu, na ufa wake, na yule mwanamke ambaye alikuwa anafagia kwa kurudi nyuma, anatujia taratibu na mgongo wake, bila kutufikia.

Mke wangu alitaka turudi kwenye mikeka siku ileile. Mimi nikakaidi. Nilisema tumesimuliana bila kujijua, nikasema maneno mengi ya namna hiyo. Ukweli ni kwamba sikutaka kuamini kwamba kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kwa ajili ya watoto wangu kilikuwa na mtu ndani yake.

Akaja dada yangu kutoka Masasi. Alikuwa akiuza maandazi Mkomaindo, karibu na hospitali, mwanamke wa mjini asiye na muda wa mambo ya porini. Hatukumwambia neno. Watoto wakatupisha, tukamlaza kwenye kitanda chao. Asubuhi tulikaa kunywa chai, akawa anageuzageuza kikombe.

"Mama mkwe wako ana kinyongo na mimi?" akauliza.

"Kwa nini?"

"Nimetoka nje alfajiri nikamkuta anafagia. Nimemwamkia shikamoo, kimya. Nikarudia, kimya. Hata kugeuka hakugeuka."

Mke wangu aliinuka akaingia ndani. Mama mkwe alikuwa Kitangari, amekwenda kwenye msiba, na dada yangu hakulijua hilo.

"Ulitoka nje kweli?" nikamuuliza. "Ulifungua mlango?"

Alifikiri. Nikaona uso wake unabadilika. "Sikumbuki kufungua mlango," alisema.

Alimaliza chai yake, akasema amekumbuka hakuacha mtu wa kuuza maandazi, akaondoka na lori la korosho lililopita kabla ya mchana. Miaka yote tuliyokaa Mkunya alikuja mara nyingi kutuona, na kila alipokuja aliondoka kabla ya jua kuzama.

Mama mkwe aliporudi, mke wangu alimwendea. Nilifuata nikakaa kando. Alikuwa anamenya mihogo ya makopa, anaitupa juu ya mkeka ikauke. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Anafagia kwa mkono gani?"

"Wa kushoto," mke wangu akasema. Nilikuwa sijalifikiria hilo mpaka aliposema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama mkwe aliweka kisu juu ya mkeka. "Mmeukata ule mtumbati."

"Mjomba alisema hauna mwenyewe," nikasema.

"Kaka yangu alisema hivyo?"

Alijifunga kanga yake upya, akashika njia ya kwa mjomba. Tukamfuata. Mzee alikuwa barazani. Hatukumaliza hata kuamkiana. Mama mkwe alisimama mbele yake, akatusimulia sisi huku anamtazama yeye.

Walikuwa watatu, alisema, tumbo moja: kaka, yeye, na mdogo wao wa kike. Huyo hakuolewa kwa muda mrefu, kisha akaolewa na mume akafa, akabaki hameni kwenye nyumba yake. Alikuwa mtu wa usafi. Uwanja wake ulijulikana. Watu waliopita njia ya Kitangari kufuata maji walikuwa wakivua viatu wakiukatisha, kwa utani kwanza, baadaye ikawa mazoea. Wakati wa kuhamia kijijini ulipofika kila mtu alihama isipokuwa yeye. Alisema akiondoka uwanja utaota majani. Hakugombana na mtu. Akiambiwa, anaitikia ndiyo, kesho yake anaonekana anafagia.

"Nyumba ilikuwa na paa," mama mkwe akasema. "Tukaja kusikia haina."

"Paa nililitoa mimi," mjomba akasema. Alikuwa balozi wa nyumba kumi siku zile, na alitakiwa kuhakikisha watu wake wote wamehama. "Nilijua mvua zinakuja. Nilidhani mvua itamleta."

Kuku walipita katikati yetu.

"Nilikuwa nampelekea chakula," akaendelea. "Alikuwa anakipokea. Anasema ahsante kaka. Mvua ilikuwa inanyesha na yeye amekaa chini ya mtumbati. Siku moja nikaenda nikamkuta amelala uwanjani, kwa ubavu."

Walimzika palepale chini ya mti, yeye na wanaume wachache, haraka, kabla maneno hayajasambaa. Matanga hayakukaliwa. Mama mkwe wakati ule alikuwa kwa mumewe Masasi. Aliambiwa mdogo wake amekufa kwa homa.

"Kwa nini ukampa mkwe mti ule?" akauliza.

Mzee alijibu kwa sauti ndogo sana, tukalazimika kuinama kumsikia. "Nilikuwa napita pale kila nikienda shamba. Nikiuona, siwezi kupita. Nikasema ukiondoka, nitapita."

Tulikwenda hameni wote: mzee, mama mkwe, mimi na mke wangu, ndugu wengine wa karibu, na mwalimu wa madrasa, kwa sababu marehemu alikuwa Mwislamu kama wazee wake. Ilikuwa mchana wa jua kali. Njia nzima majani yalikuwa yamezidi kukua, tukipita tunayalaza kwa mafyekeo. Tulipotokea upande wa juu, aliyekuwa mbele alisimama, na sisi tukasimama nyuma yake.

Mchanga kuzunguka kisiki ulikuwa umefagiwa, na alama za fagio zilikuwa bado mbichi. Zilikuwa zimepangana kama magamba ya samaki, zote zimeinamia upande mmoja, upande ambao mkono wa kushoto huvutia. Hapakuwa na unyayo wa mtu. Mke wangu alinishika mkono kwa nguvu hata kucha zikanichoma.

Mjomba alivua makubadhi yake. Hakutuambia tufanye nini, lakini tukavua wote, mwalimu wa madrasa pia. Mzee aliingia kwanza, akatembea juu ya zile alama mpaka kwenye kisiki, kilichokuwa kimeanza kuchipua na bado kinatoka ule utomvu mwekundu, akapiga magoti.

"Mdogo wangu," alisema. "Nimekuja na watu."

Mama mkwe alimwaga unga wa mtama wa kutambikia. Mwalimu akasoma dua, mimi nikasali sala yangu kimyakimya kwa namna niliyofundishwa. Kisha tukarudi kijijini tukakaa matanga, na watu walikuja kama kwa msiba wa jana. Wanawake walilia kweli. Wengine walikuwa wamewahi kuukatisha ule uwanja na viatu mkononi.

Baada ya hapo binti yetu hakuota tena. Mimi pia, ila kwa muda mrefu nilikuwa nikiamka alfajiri na kuhisi kwamba kuna sauti imenyamaza dakika hiyohiyo nilipofumbua macho. Mke wangu aliuota uwanja mara moja zaidi. Alisema hakukuwa na mtu, na kinu kilikuwa kimesimamishwa.

Vitanda tuliendelea kuvilalia. Watu walitushangaa. Mama mkwe ndiye aliyetuambia tusivitupe, akasema aliyekosa paa si wa kutolewa tena ndani.

Msimu wa korosho ulipokwisha, mjomba alimtuma mtoto aniite. Nilimkuta amekaa palepale barazani.

"Zile mbao zilizobaki," alisema, "unazo?"

"Ninazo, mjomba."

"Nitengenezee kitanda."

Nilimwambia nitamtafutia mti mwingine. Akatikisa kichwa. Mama mkwe aliposikia alikwenda kumsihi, akarudi bila jibu. Basi nikatengeneza. Mbao zilitosha kitanda chembamba cha mtu mmoja, nacho nilikipiga msasa kwa muda mrefu kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, kwa sababu nilikuwa sitaki ifike siku ya kumpelekea.

Alikilalia. Asubuhi ya kwanza nilipita kumjulia hali nikamkuta uani, yeye, mzee wa ukoo, ameinama na fagio. Kwetu mwanamume mtu mzima hafagii uwanja, na yeye alikuwa na wajukuu wa kike wa kutosha. Walikuwa wamesimama ukutani wanamtazama.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitika. Alifagia mpaka alipofika mwisho wa safu, akanyoosha mgongo.

"Marahaba," alisema. "Nilikuwa nakosea. Nilikuwa naanzia njiani. Kumbe unaanzia mlangoni, unarudi nyuma."

Sikumuuliza nani kamwambia. Alifagia kila asubuhi tangu siku ile, kwanza ovyo, baadaye vizuri, na mwishowe uwanja wake ukawa wa kutazamwa na wapita njia. Hakuwa na uso wa mtu anayeteseka. Alinenepa kidogo, akaanza tena kwenda shamba kwa njia ya hameni. Jioni alikuwa akiwahi kuingia kulala kabla watoto hawajamaliza kula, kama mtu mwenye mgeni ndani. Mama mkwe alimuuliza mara nyingi anaona nini akilala, naye alijibu jambo lilelile: "Tunafanya kazi."

Aliishi hivyo misimu kadhaa. Alipofariki, aliyemkuta ni mke wangu, aliyekuwa amempelekea uji. Alirudi nyumbani akaniambia kwa utulivu kwamba mjomba ameondoka, na kwamba kitandani hayumo, yuko uani, amelala kwa ubavu. Nilikwenda mbio. Uwanja wote ulikuwa umeshafagiwa, hadi njiani, na tulipouvunja mlango, uliokuwa umefungwa kwa komeo la ndani, tukakuta fagio limewekwa ukutani nyuma yake.